Presha ya jicho la mama imepanda tena mwezi mmoja baada ya kuondolewa mtoto wa jicho: aache matone?

Binti wa Muheza aliandika:

Wanajamvi, salaam. Naomba ufafanuzi kwa wenye ujuzi wa macho, na pia kwa waliopitia hali hii wao wenyewe au wazazi wao.

Mama yangu ana umri wa miaka 67 na tunaishi naye Tanga. Mwezi uliopita alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kulia na akawekewa lenzi bandia. Kabla ya upasuaji presha ya jicho hilo ilikuwa 18. Asubuhi iliyofuata, alipofunguliwa plasta, alilalamika kwamba kichwa kinamgonga upande huo na kwamba anaona kama yuko ndani ya moshi. Walipompima wakakuta 34, wakampa vidonge vya Diamox na kumtaka arudi kesho yake. Kesho yake ilikuwa imeshuka, na katika kliniki ya wiki ya kwanza ikasomeka 16. Ukungu ulikuwa umeondoka, na mama akaanza kutusomea namba za daladala akiwa amekaa barazani, jambo ambalo hakuliweza kwa muda mrefu. Tukajua yamekwisha.

Wiki hii, ambayo ni ya nne, tumerudi kliniki tukitarajia kuzungumzia miwani, tukaambiwa presha ni 30. Haumwi, jicho si jekundu, na anaona vizuri. Jicho la kushoto, ambalo nalo lina mtoto wa jicho lakini halijaguswa, lilisoma 17. Daktari alimwangalia kwa darubini, akasema jicho limetulia, kisha akaandika apunguze taratibu matone aliyopewa baada ya upasuaji, yaani yale ya deksamethasoni yaliyochanganywa na antibayotiki, ambayo amekuwa akiyaweka mara nne kwa siku. Chupa ya kwanza ilipokwisha tulinunua nyingine duka la dawa. Akaongeza dawa mpya, timololi, mara mbili kwa siku, na kutupangia kurudi baada ya wiki mbili. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo maelezo yalikuwa mafupi.

Sasa nyumbani kila mtu ana lake. Shangazi anasema mwili umeikataa lenzi na ni lazima itolewe. Jirani anasema ni presha ya damu imehamia machoni, kwa kuwa mama ni mgonjwa wa presha na anatumia dawa. Mama mwenyewe anaamini kwamba matone ndiyo yaliyoleta balaa, kwa hiyo anataka kuyaacha yote, ya zamani na mapya. Kwa nini presha ilipanda, ikashuka, kisha ikapanda tena? Aache dawa? Na jicho la kushoto tulipeleke kwenye upasuaji au tuliache lilivyo? Niongeze kwamba mjomba, kaka yake mama, alipofuka miaka mingi iliyopita. Sababu hatukuijua vizuri, ila mwenyewe alikuwa akisema ni presha ya macho.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, mpe mama pole, na umwambie asiache matone kwa mkupuo. Afuate ratiba ya kupunguza aliyoandikiwa. Nimefanya kazi katika kliniki za macho kwa maisha yangu yote ya ajira, na nikisoma maelezo yako naona kwamba kupanda kwa kwanza na kupanda kwa pili ni mambo mawili yenye sababu mbili. Hapo nyumbani mnayaona kama ugonjwa mmoja uliojificha kisha ukarudi.

Nianze na jirani. Ndani ya sehemu ya mbele ya jicho mna maji safi, ambayo si machozi. Hutengenezwa nyuma ya ile sehemu yenye rangi, hupita kwenye tundu la mboni, kisha hutoka kupitia chujio dogo lililoko pembeni, mahali ambapo konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, hukutana na sehemu yenye rangi. Kila dakika hutengenezwa maikrolita 2 na ushee, na chumba chenyewe hubeba takriban maikrolita 250 tu, kwa hiyo maji yote hubadilika katika muda wa saa mbili hivi. Chujio likizibwa, namba hupanda siku hiyohiyo. Kwa watu wengi presha hiyo ya maji ya jicho huwa kati ya 10 na 21, ikihesabiwa kwa milimita za zebaki kama ile ya damu, na nadhani kufanana huko kwa vipimo ndiko kunakowachanganya watu. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyodhibitiwa vizuri kabisa huku jicho likisoma 40.

Sasa ile 34 ya asubuhi ya kwanza. Daktari anapofanya upasuaji huu hujaza ndani ya jicho ute mzito wa dawa ili apate nafasi ya kufanyia kazi na ili vyombo visikwaruze upande wa ndani wa konea. Mwishoni huusafisha kwa maji maalumu, lakini mara nyingi hubaki kidogo nyuma ya lenzi mpya au pembeni, nao huziba chujio kwa muda. Vipande vidogo vya mtoto wa jicho, chembechembe za damu na uvimbe wa upasuaji wenyewe navyo huchangia. Presha huanza kupanda ndani ya saa chache, hufikia kilele katika siku ya kwanza, na kwa wengi hushuka yenyewe ndani ya siku mbili au tatu ute unapoyeyuka na kutoka. Ule moshi aliouona mama ni konea iliyovimba kwa kusukumiwa maji. Diamox hupunguza utengenezaji wa maji, ndiyo maana alipata nafuu haraka. Kuna familia zinazomwondoa mgonjwa wodini jioni ya upasuaji na kumfungua plasta nyumbani kwa sababu haumwi, na hizo ndizo zilizokuwa zikinikosesha raha, kwa kuwa jicho lenye neva dhaifu, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, linaweza kuumia katika saa hizohizo.

Hii ya wiki ya nne ina sura nyingine. Jicho limetulia, haliumi, si jekundu, na jicho la pili ambalo halipati matone liko 17. Mgonjwa akiwa anaweka deksamethasoni mara nne kwa siku, cha kwanza kufikiriwa ni dawa hiyo yenyewe. Dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, hutuliza uvimbe vizuri sana, lakini kwa baadhi ya watu hubadilisha tishu za chujio hadi maji yakatoka kwa shida. Haitokei siku ya kwanza. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi sita tangu kuanza matone, na haina maumivu, kwa hiyo bila kupimwa hakuna atakayejua. Katika miaka ya 1960, Armaly na Becker huko Marekani waliwapima watu waliopewa matone ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, wakaona kwamba karibu theluthi moja presha yao hupanda kwa kiasi, na wachache, kama 5 katika kila 100, hupanda sana. Wenye glakoma, yaani ugonjwa wa kuharibika kwa neva ya jicho ambao mara nyingi huletwa na presha ya macho, na ndugu zao wa karibu ndio wanaopanda zaidi.

Kwa hiyo mama ana hoja anaposema dawa ndiyo iliyoleta, ila kuiacha ghafla siyo njia. Uvimbe uliokuwa umetulizwa unaweza kuamka, ukapandisha presha kwa njia yake au ukavimbisha sehemu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inayotumika kusomea. Ndiyo sababu daktari amempunguzia taratibu. Steroidi ikishaondoka, presha hurudi chini katika muda wa wiki kadhaa, na timololi ni ya kulinda neva katika kipindi hicho cha kusubiri.

Ile chupa ya pili ya duka la dawa msiirudie bila karatasi ya daktari. Nimeona watu wenye macho ya kuwasha wakinunua matone haya mwaka hadi mwaka kwa sababu yanaondoa wekundu, na wanapofika kliniki upande wa pembeni wa uoni umeshakwisha.

Shangazi naye mtulizeni. Lenzi bandia hutengenezwa kwa plastiki ambayo mwili huivumilia vizuri. Harold Ridley, aliyeweka ya kwanza kule London mwaka 1949, aliipata fikra hiyo kwa kuona vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta vurugu. Lenzi inaweza kukaa vibaya au kusogea, lakini jicho lililotulia na linaloona vizuri halielezi habari ya lenzi iliyokataliwa.

Mkiona maumivu makali, wekundu unaoongezeka, uoni unaoshuka, au maumivu ya kichwa yenye kichefuchefu, msingoje tarehe ya kliniki. Nendeni siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Mzee wa Likoni alijibu:

Nimesoma maelezo ya bibi muuguzi kwa makini, na nashukuru. Lakini yangu yalikuwa kinyume cha ya mama huyo. Mimi ni mgonjwa wa glakoma tangu kabla sijastaafu bandarini, na kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho presha yangu ilikuwa ikichezacheza kwenye 21 na 22 licha ya kutumia matone ya aina mbili. Baada ya upasuaji siku ya kwanza ilipanda kidogo, kisha ikateremka, na kwa muda mrefu sasa imesimama kwenye 16 na 17. Daktari alinipunguzia dawa moja, nikabaki na ile ya usiku. Rafiki zangu wa msikitini wamekwisha kuamua kwamba kuondoa mtoto wa jicho ndiyo tiba ya glakoma, na mmoja wao ameacha matone akisubiri zamu yake ya kupasuliwa. Je, wana haki ya kusema hivyo?

Daktari wa Macho, Kanda ya Ziwa alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Rafiki yako arudie matone yake leo, kisha asome haya.

Ni kweli kwamba baada ya misukosuko ya wiki za mwanzo presha ya jicho kwa watu wengi hutua chini ya pale ilipokuwa kabla ya upasuaji. Lenzi ya asili huongezeka unene kadiri mtu anavyozeeka, na kwa mzee hufikia milimita 5 hivi; lenzi bandia inayochukua nafasi yake ina unene wa milimita 1 hivi. Sehemu yenye rangi iliyokuwa ikisukumwa mbele hurudi nyuma, pembe ya kutolea maji hupanuka, na maji hutoka kwa urahisi zaidi. Kwa mtu mwenye presha ya kawaida upungufu ni mdogo, milimita 1 hadi 3 tu. Kwa aliyeanza na presha ya juu upungufu huwa mkubwa zaidi. Katika utafiti mmoja mashuhuri wa Marekani uliowafuatilia watu wenye presha ya juu ambao neva zao zilikuwa bado nzima, wale waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walishuka kutoka wastani wa karibu 24 hadi karibu 20.

Faida kubwa kabisa iko kwa wale ambao pembe yao imejifunga. Utafiti unaoitwa EAGLE, uliochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha wagonjwa 419, ulionyesha kwamba kwa watu wa namna hiyo kuondoa lenzi mapema, hata kabla haijawa na ukungu, kuna manufaa kuliko kuanza na leza ya kutoboa sehemu yenye rangi. Lakini huku kwetu glakoma iliyoenea siyo hiyo. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa watu 4 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na wengi wao walikuwa na ile ya pembe iliyo wazi, ambayo tatizo lake limo ndani ya chujio lenyewe. Kupanua pembe ambayo tayari iko wazi husaidia kidogo, na msaada wenyewe unaweza kupungua miaka inavyokwenda. Kwa hiyo wewe umepata nafuu ya kweli, daktari wako amefanya vyema kukupunguzia dawa moja badala ya zote mbili, na kupimwa hakukomi. Neva iliyokwisha kufa hairudi hata presha ikishuka hadi 10.

Kama gharama ya matone ndiyo inayomsumbua rafiki yako, aulize kuhusu leza ya kuzibua chujio. Katika jaribio lililofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021, leza hiyo ilifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100 baada ya mwaka mmoja, ikilinganishwa na 31 kwa waliotumia timololi. Nadhani ni habari ambayo ilistahili kusikika zaidi ya ilivyosikika.

Kwa dada wa Muheza: bibi muuguzi amekwisha kukueleza vizuri. Mimi nimekamatwa na sentensi yako ya mwisho kuhusu mjomba. Ndugu wa tumbo moja aliyepofuka kwa kinachoitwa presha ya macho ni sababu ya kutosha ya kumtazama mama kama mtu ambaye huenda ana glakoma yake mwenyewe, na steroidi imeifichua tu. Kabla ya upasuaji ukungu wa lenzi humzuia daktari kuiona vizuri neva iliyoko nyuma; sasa dirisha liko wazi. Katika kliniki ijayo ombeni mboni ipanuliwe, neva ikaguliwe katika macho yote mawili kadiri inavyowezekana, na uoni wa pembeni upimwe. Namba ya presha peke yake haitoshi kusema mama ana glakoma au hana. Namba hiyo hutofautiana asubuhi na jioni, hupanda mgonjwa akibana macho au akizuia pumzi, na konea iliyovimba au nyembamba inaweza kuifanya isome chini kuliko hali halisi, kwa hiyo huenda hata ile 34 ya kwanza ilikuwa zaidi ya 34. Ni vyema vipimo vifanywe kwa chombo kilekile kila mara, ili daktari alinganishe mambo yanayolingana. Nawe pia, kama mtoto wake, ukishafika miaka 40 usingoje dalili.

Binti wa Muheza aliandika:

Shikamoo bibi, shikamoo daktari, na Mzee wa Likoni nakushukuru kwa swali lako. Mama nimemsomea yote na amekubali kufuata ratiba. Ila amenikumbusha jambo ambalo sikulifikiria: yeye ana pumu, na ana dawa yake ya kuvuta ambayo huitumia hasa msimu wa baridi. Pale kliniki hatukuulizwa na sisi hatukusema. Timololi ameianza juzi, na jana usiku alikohoa sana. Je, kuna uhusiano? Na kuhusu jicho la kushoto bado sijaelewa.

Daktari wa Macho, Kanda ya Ziwa alijibu:

Uhusiano unawezekana sana, na hili haliwezi kungoja. Timololi isiwekwe tena, na mama apelekwe leo kwa aliyemwandikia. Tone la jicho huteremka kupitia mfereji wa machozi hadi puani na kuingia kwenye damu bila kupitia kwanza kwenye ini, na timololi hubana njia za hewa, kwa hiyo mwenye pumu hapaswi kuitumia. Vivyo hivyo kwa mwenye mapigo ya moyo ya polepole mno. Akianza kubanwa kifua au kuhema kwa shida, mpelekeni kitengo cha dharura kwanza, jicho lifuate. Zipo dawa nyingine za kushusha presha, kama brimonidini na dorzolamidi, na daktari wake atachagua akijua historia yote. Mwelezeni pia kama mama hupata mzio wa salfa au kama kuna selimundu katika ukoo, kwa sababu hayo huathiri uamuzi wa kumpa Diamox tena. Halikadhalika, steroidi yenyewe inaweza kubadilishwa kwa iliyo dhaifu zaidi, au kwa matone ya kutuliza uvimbe yasiyo ya jamii hiyo.

Jicho la kushoto lisiachwe moja kwa moja. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi anaweza kuvimba na kuifunga pembe, au kuvuja na kuziba chujio, na presha inayotokea hapo ni kali kuliko hii tunayoizungumza, tena inakuja na maumivu. Hata hivyo hakuna haraka ya mwezi huu. Ningependa kwanza jicho la kulia litulie bila steroidi, neva ziangaliwe, na ijulikane kama presha inarudi chini yenyewe au inabaki juu. Ikibaki juu na neva ikionekana imeumia, hiyo ni glakoma na itatibiwa kama glakoma, na mpango wa upasuaji wa kushoto utazingatia hilo. Ikirudi chini, upasuaji wa pili ufanywe kwa kujua kwamba mama hupandishwa na steroidi: daktari atampa iliyo dhaifu au ya muda mfupi, na presha ipimwe kila wiki badala ya kusubiri wiki ya nne.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mkirudi na dawa mpya, mfundishe mama kufumba jicho baada ya tone na kubonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika mbili au tatu, ili dawa isiteremke puani. Kama ni dawa mbili, aache dakika tano katikati, la sivyo ya pili huiosha ya kwanza. Na ombeni daktari aandike kwenye kadi, kwa wino unaosomeka, maneno haya mawili: ana pumu, na presha ya jicho hupanda kwa steroidi. Siku ya upasuaji wa jicho la kushoto anaweza kukutana na daktari mwingine kabisa, na huyo atasoma kadi kabla hajamuuliza mama chochote.